Jina Yenye Hilaire Alisoma Mbele ya Watu

Bwana yangu Hilaire ni muntu wa Walikale, na hata umuamshe mu usingizi atakuambia kwanza ile: ye ni muntu wa pori, mutoto wa muwindaji. Mimi ni Bibiche, wa hapa Sake. Natengeneza mandazi na chai pembeni ya atelye yake, chumba yake ya kazi, mulango kwa mulango, kwa hiyo mambo yenye nitasema sikuhadisiwa na muntu. Niliiona. Na haya yenye niko nayo, ile aibu, sikuazima kwa jirani, ni yangu kabisa.

Hilaire anatengenezaka ordinatere, zile kompyuta. Watu wanamuletea mashini yenye imekufa, yenye ilinyeshewa wakati wa kukimbia vita, yenye mutoto alimwagia supu. Anazifungua, anapuliza vumbi, anazipa pole kama wagonjwa. Lakini kazi yenye inamusahaulisha hata fufu yake mezani ni kufungua programe. Siyo kufungua kama weye, unagonga mara mbili na inatembea. Aa! Ye anaifungua kama vile baba yake alikuwa anafungua tumbo ya nyama, kuangalia ilikula nini na ilitoka wapi.

"Ata, weye," nilikuwa namuambia, "umekosa nyumba ya kuchungulia, sasa unachungulia programe?"

"Bibiche, ikaa. Angalia."

Naikaa, naangalia. Ku ekra, ile kioo ya mashini, herufi na namba zimejaa kama mchele. Ananionyesha na kidole. Kila programe ya Windows, anasema, ku kichwa kabisa iko na herufi mbili, M na Z. Ni za jina ya mufundi mumoja wa zamani, kule Amerika, mwenye alitafuta namna ya kupanga programe, na tangu wakati ule kila programe inabeba herufi zake, hata kama yenyewe haijue. Nyuma ya ile kuna maneno kidogo ya kusema programe hii haitatembea mu mashini za kizamani. Tena kuna namba yenye inaonyesha kichwa ya kweli inaanzia wapi, na ukifuata ile namba utakuta herufi zingine, P na E. Kutoka pale, vyumba vinafuatana. Kuna chumba ya kazi yenyewe, yenye mashini inafuata neno kwa neno. Kuna chumba ya vitu vyenye programe inakumbuka. Kuna chumba ya picha, njo mule wanaweka ile kasura kadogo yenye unaonaka ku ekra.

Na kuna fasi moja yenye alikuwa anapenda kupita zote. Programe peke yake haina nguvu, inapaswa kuomba Windows: nifungulie hii, niandikie ile. Na vitu vyote vyenye inaomba vinaonekana pale, na majina yao.

"Ni kama mugeni," ananiambia. "Mugeni akikuomba moto, anataka kupika. Akikuomba jembe, anataka kulima. Sasa akikuomba panga na kamba, na anauliza mbuzi wako inalala wapi, weye utalala?"

Nilicheka sana siku ile. Tena nilimuelewa. Njo maana anasemaka programe yenye haujue haigongwe, inasomwa.

Sasa, mambo ya foto. Wakati tulirudi toka kukimbia, watu walirudi na simu zimepasuka, na mu zile simu njo mulikuwa sura za wenye hawakurudi. Hilaire aliita watu: leteni, nitaweka foto zote mu ordinatere moja hapa kwangu, hazitapotea tena. Hakuomba kitu kwa muntu. Mama Alliance, mujane mwenye anauza sambaza, dagaa za ziwa, mbele yetu, alileta foto ya marehemu bwana yake, ile moja tu yenye alikuwa nayo, mu simu yenye kisha ilikufa kabisa. Bwana amesimama mbele ya kanisa na shati nyeupe, amefinya macho sababu ya jua. Mama Alliance alikuwa anapita kila wakati kuiangalia. Anamusalimia bwana yake, anamuhadisia sambaza iko namna gani leo, kisha anarudi ku meza yake.

Siku moja foto hazikuwa. Kulibaki madosie tu, zile mifuko za kuwekea foto, na majina ya watu juu, na ukigonga dosie haifunguke. Hilaire aliangalia muzuri, akaruka.

"Hizi haiko dosie! Ni programe. Zimevaa sura ya dosie!"

Aliisoma bila kuigonga. Ku kichwa, M na Z. Mu chumba ya picha, kasura ya dosie ya manjano, njo ile ilitudanganya sisi wote. Na ku fasi ya kuomba, Yesu wangu, ilikuwa inaomba Windows iionyeshe flashi zote zenye watu wamechomeka, inaomba kujikopia, inaomba kufuta. Ule mugeni wa panga na kamba. Hilaire alijaribu kuokoa foto kwa kila dawa yenye alijua, lakini ile kitu ilikuwa imejikopia juu ya zile foto mpaka hakukubaki kitu ya kuokoa.

Mama Alliance hakulia. Aliikaa ku benchi yangu na akauliza, "Basi nimusalimie wapi sasa?"

Ile swali njo iliharibu akili ya Hilaire. Alirudia ile programe kama muntu anafuata damu mu majani. Na mwisho aliona kitu. Muntu akitengeneza programe, kile chombo cha kuitengeneza kinaachaka ndani yake njia ya dosie yenye aliifanyia kazi, na kama muntu hakuifuta, inabaki pale. Mu ile njia kuna jina ya mwenye mashini. Hilaire aliisoma, akaisoma tena. Jina ilikuwa Muhawenimana.

Muhawenimana ni kijana wa Kirolirwe, kule juu ku majani ya ng'ombe, mutoto wa Mama Mukabaranga. Alikuwa anashuka kila asubuhi na moto, pikipiki ya kulipa, bidoni, ile dumu ya maziwa, imefungwa nyuma, anauzia pembeni ya meza yangu. Maziwa yake njo nilikuwa naweka mu chai. Ile bidoni njo ilikuwa inalisha mama yake na watoto wa kaka yake mwenye alikufa, hakuna kingine. Na Hilaire mwenyewe njo alimufundisha ordinatere, akamusifu mpaka tulichoka kusikia: huyu mutoto akili yake iko moto.

"Muite kwanza mu nyumba," nilimuambia. "Muulize polepole."

"Niulize nini? Kwetu mushale ikikutwa mu nyama hatuulize, tunasoma alama. Kila muwindaji iko na alama yake, na hakuna muntu anaazimisha mushale wake. Mwenye mushale njo alipiga."

Ningeweza kusema tena. Lakini nilikuwa na mandazi ku mafuta, na nilikuwa na hasira juu ya ile foto ya Mama Alliance, na nikaona basi, ye njo anajua kazi yake.

Siku ya soko aligeuza ekra upande wa barabara. Watu wakajaa. Ah, na alijua kufundisha, ule bwana! Aliwaonyesha herufi za ku kichwa, akawaonyesha vyumba, akawaambia ile ya mugeni na mbuzi, wakacheka mpaka kushika tumbo. Nilikuwa na kiburi juu yake, nisidanganye. Kisha alifika ku ile njia, akaweka kidole, akasoma jina kwa sauti.

Muhawenimana alikuwa anamupimia Mama Alliance maziwa. Alimaliza kupima, akamupa, akasimama.

"Papa Hilaire, siyo mimi."

"Jina hii ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini siyo mimi nilifanya. Hata ile M na Z ku kichwa ni jina ya muntu, weye njo ulinifundisha. Ule mufundi njo alifuta foto?"

Kuna wenye walicheka. Wangenyamaza tu, labda Hilaire angesimama, angefikiri. Lakini walimucheka, mutoto wa muwindaji, mbele ya soko nzima.

"Usinifundishe kazi yangu!" akapiga kelele. "Mwizi wa foto za wafu!"

Mama Alliance akaangalia kile kikombe mukononi yake, akamwaga maziwa chini. Muntu wa ng'ombe ukimumwagia maziwa mbele ya macho yake, ni kama umemupiga kofi. Muhawenimana aliangalia maziwa ikiingia mu mawe. Na kule nyuma kukatoka sauti: "Hawa watu, njo vile wako." Hapa kwetu muntu akianza kusema "hawa", ogopa. Tumeisha zika watu juu ya ile neno. Motari mumoja mwenye akili alimupandisha ku pikipiki yake mbio, bidoni ikabaki kwangu.

Tangu siku ile hakushuka tena. Hakuna mwenye angenunua, na sikuwa na hakika kama wangemuacha arudi salama. Hilaire alikuwa anasema ni haki. Lakini chakula haikumupita muzuri, niliona.

Kisha akashuka Mama Mukabaranga, peke yake. Aliikaa ku benchi yangu, nikamupa chai, akaisogeza pembeni. Watu walisogea, walitaka kusikia matusi. Hakutukana.

"Papa Hilaire," alisema, "mutoto yangu wakati alimaliza kufundishwa hapa kwako, tulikupa nini?"

Hilaire alikuna kichwa. "Mulinipa... mashini, Mama."

"Mashini yake mwenyewe. Mwaka ule ng'ombe zetu zilikuwa zimeibwa, hatukuwa na ya kukupa. Tukakupa ile mashini mu fasi ya ng'ombe. Na kwetu ng'ombe tukimupa muntu, inaenda na jina yenye tuliiita, hata izeeke kwake haibadilishwe. Watu wakisikia ile jina wanajua alipewa na nani. Jina ya mwenye kupana njo inabakia. Basi niambie. Ile mashini iko wapi?"

Mama yangu! Pale njo ilinirudia. Waliileta imefungwa mu kitenge mupya. Hilaire alisema aksanti, akaiweka ku mashini zingine zenye zimekufa, hakuiwasha hata siku moja. Na Delphin, mudogo yake wa kule Walikale, wakati alipita kwenda Goma kusoma informatike, masomo ya ordinatere, Hilaire alimuambia, twaa ile, nenda nayo, na jina ya Muhawenimana bado iko ndani. Ule Delphin njo alikuja kwetu wakati wa Noeli. Njo alichomeka flashi yake mu ordinatere ya foto, ati anataka tusikie muziki. Na tulicheza, mimi wa kwanza! Wanasema kikulacho kiko mu nguo yako. Yetu ilikuwa imelala ku kitanda yetu.

"Nilimupa mudogo yangu," Hilaire alisema, na sauti yake ilikuwa ya mutoto.

"Bila kutuambia."

"Bila kuwaambia, Mama."

Kwao, kutoa ng'ombe yenye ulipewa bila kuambia mwenye alikupa, ni kutema mate ku urafiki. Mama Mukabaranga alisimama, akatengeneza kitenge yake, akasema aksanti, akaenda. Ningependa angepiga kelele. Ningependa hata angenimwagia ile chai.

Hilaire alipiga simu kwa Delphin. Ule mutoto alianza kwa kucheka. "Aa, kaka, ile kitu bado inatembea? Nilitengenezea tu wenzangu, kuwachekesha. Ilipaswa kuficha dosie, nilikosea fasi moja, ikawa inafuta." Kisha alisikia kaka yake hacheke, akaanza kulia. Hilaire hakumutukana. Aliweka simu chini, akabaki anaangalia mikono yake.

"Nilisoma kila kitu mu ile programe, Bibiche," aliniambia. "Kila kitu nilisoma muzuri."

"Ulisoma muzuri," nilisema. "Haukuuliza muntu."

Siku ya soko yenye ilifuata aligeuza tena ekra upande wa barabara. Mimi nilikuwa nimefungia masufuria mu nyumba, sababu nilijua watatupiga mawe. Alisema yote. Mashini ya zawadi, kuipana bila kuambia watu, Delphin, flashi, muziki. Alisema, "Nilisingizia mutoto wa wenyewe. Kosa ni ya nyumba yangu."

Na unajua walifanya nini? Walicheka!

"Aa, Delphin! Ule wa kuchezacheza!"

"Mambo ya vijana, Papa Hilaire. Usijiue."

Hata Mama Alliance, mwenye alipoteza sura ya bwana yake, alimushika Hilaire mukono. "Ni mutoto yetu, alikosea tu. Mungu atamusamehe." Hakuna mwenye alimwaga chai yangu. Hakuna mwenye alisema "hawa". Nilisimama pale na kijiko mukononi, na haya ilinipanda toka ku miguu mpaka ku masikio, juu niliona wazi: mutoto wa wengine tulimuhukumu juu ya jina tu, na wetu, mwenye alifanya kweli, wanamupa pole.

"Na Muhawenimana?" Hilaire aliuliza. "Arudi?"

Watu waliangalia pembeni. Muntu akasema, "Hee. Abakie kwao kwanza." Wakaenda ku mambo yao.

Tulipanda Kirolirwe na ile bidoni yake. Hilaire alipiga magoti mu boma ya ng'ombe na suruali yake ya kanisa. Mama Mukabaranga alitupa maziwa, na ile maziwa haukatae, unakunywa yote. Muhawenimana alitoka, akamusalimia bwana yangu na mikono mbili, akamuita "Mwalimu" kama zamani. Angemuita mbwa ingekuwa nafuu.

"Mwalimu, nilisikia ulisema kweli mbele ya watu," alisema. "Sasa watanunua?"

Hilaire alipangusa magoti ya suruali yake. Mimi njo nilidakia: tupe bidoni, tutauza sisi, mpaka watazoea.

Kesho yake Hilaire aliacha mashini zake, akasimama ku meza yangu, ye mwenye hajawahi kuuza hata ndizi, akaanza kuita: "Maziwa ya Muhawenimana! Muhawenimana wa Kirolirwe, mwenye nilisingizia! Kujeni!" Watu walimusalimia muzuri sana, wakapita. Mama Alliance alikuja na kikombe yake, akasikia ile jina, akasema amekumbuka sambaza yake iko ku jua. Hilaire aliita mpaka sauti ikakauka. Maziwa ikaganda mu bidoni. Na siku yenye ilifuata ikawa vile vile, na yenye ilifuata tena.

Tulirudisha bidoni juu sisi wenyewe. Mama Mukabaranga aliinyanyua kidogo tu, akasikia uzito, hakuifungua. Nyuma yake wajukuu walikuwa wamesimama ku mulango, wanaangalia kama tumeleta unga.

"Kesho museme ni maziwa yenu," alisema.

"Mama, siwezi," Hilaire alisema. "Nilichafua jina yake mbele ya watu. Nataka niirudishe mbele ya watu."

"Jina haikuliwe, Papa Hilaire. Hawa watoto wanapaswa kula."

Muhawenimana alikuwa pale pale, anafunga ndama. Alisikia, na hakugeuka.

Sasa kila asubuhi motari anashusha bidoni, na inaisha mbele jua haijapanda. Watu wanasema ni maziwa ya Mama Bibiche. Mama Alliance anakunywa kikombe yake, anapangusa midomo, anasema yangu inapita mbali ile ya zamani, ya ule kijana. Hilaire anainamisha kichwa mu mashini yenye amefungua. Na mimi nasema aksanti, Mama, karibu tena kesho.